Uongo wa Kisiasa na Wajibu wa Serikali za Kidemokrasia

Upotoshaji wa kisiasa ni kusambaza kwa makusudi habari za uongo, au habari za kweli zilizokatwa na kupindwa, kwa nia ya kuwayumbisha wananchi katika mambo ya utawala. Anayerudia uvumi kwa sababu ameuamini amekosea. Aliyeutunga, au aliyelipwa ausambaze, amepotosha. Tofauti hiyo ni nzito, kwa kuwa adhabu inayomfaa huyu wa pili humwonea yule wa kwanza.

Serikali ya kiimla haina shida na jambo hili: hufunga magazeti na kuwafunga wasemaji. Serikali ya kidemokrasia imebanwa pande mbili. Inapaswa kuulinda uchaguzi dhidi ya uongo, na inapaswa pia kulinda haki ya raia ya kusema, kukosoa na hata kukosea. Zaidi ya hapo, viongozi wake ni wagombea. Wakipewa wao kuamua kipi ni kweli kuhusu utendaji wao wenyewe, inakuwa kesi ya nyani, hakimu ngedere. Kwa hiyo ubora wa hatua yoyote dhidi ya upotoshaji haupimwi kwa ukali wake. Hupimwa kwa maswali mawili: nani amekabidhiwa mamlaka ya kuamua, na je, raia wa kawaida anaweza kuukagua uamuzi huo?

1. Jambo la zamani, vyombo vipya

Tarehe 25 Oktoba 1924, siku 4 kabla ya uchaguzi mkuu wa Uingereza, gazeti la Daily Mail lilichapisha barua iliyodaiwa kuandikwa Moscow na Grigory Zinoviev, mkuu wa shirika la kimataifa la wakomunisti, ikiwahimiza wakomunisti wa Uingereza wajiandae kwa mapinduzi. Serikali ya Ramsay MacDonald, ya kwanza kuundwa na chama cha Labour, ilishindwa katika uchaguzi huo. Wizara ya Mambo ya Nje ilikuwa imekwisha kuandika malalamiko rasmi kwa ubalozi wa Kisovieti kabla uhalali wa barua haujathibitishwa, na kwa kufanya hivyo ikaipa uzito. Mwaka 1999 mwanahistoria mkuu wa wizara hiyohiyo alitoa ripoti iliyohitimisha kwamba barua ilighushiwa. Ukweli ulifika miaka 75 baada ya kura kupigwa.

Mfano wa pili ulifika hadi Afrika. Julai 1983, gazeti la Patriot la New Delhi lilichapisha habari kwamba virusi vya UKIMWI vilitengenezwa na jeshi la Marekani. Vyombo vya Kisovieti vikaikuza habari hiyo, na magazeti ya nchi nyingi yakairudia. Tangu 1981 Marekani ilikuwa na kikundi cha maofisa kutoka idara mbalimbali waliokusanya uzushi wa aina hii, wakafuatilia chanzo chake na kuchapisha ushahidi hadharani. Hakuna gazeti lililofungwa. Ilipofika 1987, wanasayansi wa Kisovieti waliikana habari hiyo, na mwaka 1992 Yevgeny Primakov, aliyekuwa mkuu wa ujasusi wa nje wa Urusi, alikiri kwamba idara ya ujasusi ya Kisovieti ilihusika.

Kilichobadilika tangu hapo ni kasi na maficho. Februari 2018 mwendesha mashtaka maalumu wa Marekani, Robert Mueller, aliwashtaki Warusi 13 na taasisi 3, ikiwamo Internet Research Agency ya St. Petersburg, kwa kuendesha akaunti zilizojifanya za Wamarekani wa kawaida wakati wa uchaguzi wa 2016. Nchini Slovakia, siku chache kabla ya kura ya 30 Septemba 2023, ilisambaa sauti iliyotengenezwa kwa akili mnemba ikidai kuwa kiongozi wa chama kimoja anapanga wizi wa kura na mwandishi wa habari. Sauti hiyo ilizunguka katika kipindi ambacho sheria inavitaka vyama na vyombo vya habari vinyamaze, kwa hiyo kukanusha kukawa kugumu. Kwenye makundi ya WhatsApp hali ni ngumu zaidi, maana wanaojua kilichosemwa ni waliomo ndani tu.

2. Njia ya kwanza: kuufanya uongo kosa la jinai

Njia iliyo karibu zaidi na mkono wa serikali ni kutunga sheria inayoadhibu uchapishaji wa habari za uongo. Afrika Mashariki ina historia ndefu ya sheria hizo, nyingi zikiwa zimerithiwa kutoka kwa mkoloni, aliyezitumia dhidi ya wapigania uhuru.

Kesi inayofundisha zaidi ilitoka Uganda. Mwaka 1997 gazeti la Sunday Monitor la Kampala lilichapisha habari, ikiinukuu ripoti ya jarida la nje, kwamba Rais Laurent Kabila wa Kongo ameilipa Uganda kwa dhahabu. Wanahabari Charles Onyango-Obbo na Andrew Mwenda walishtakiwa chini ya kifungu cha 50 cha Kanuni ya Adhabu kwa kuchapisha habari za uongo. Hakimu aliwaachia huru, lakini hawakuishia hapo; waliendelea kukipinga kifungu chenyewe hadi mahakama ya mwisho. Tarehe 11 Februari 2004 Mahakama ya Juu ya Uganda ilikifuta. Hukumu kuu iliyoandikwa na Jaji Joseph Mulenga ilieleza kwamba uhuru wa kujieleza haulindi kauli za kweli pekee, na kwamba kumwadhibu mtu kwa madhara ambayo huenda yangetokea, bila kuthibitisha kuwa yametokea au yako karibu kutokea, ni kizuizi kisichokubalika katika jamii ya kidemokrasia. Mwandishi anayetishwa kwa kifungu cha namna hiyo haachi uongo tu; huacha pia ukweli ambao bado hana hakika ya kuuthibitisha mbele ya hakimu.

Mahakama ya Juu ya Kanada ilikuwa imefika hapohapo mwaka 1992, katika kesi ya Ernst Zündel, mtu aliyechapisha maandiko ya kukana mauaji ya halaiki ya Wayahudi. Uongo wake ulikuwa wa kuchukiza na ulikuwa dhahiri, lakini majaji walio wengi waliona kwamba kifungu kilichotumika ni kipana mno, kiasi kwamba kingeweza kumnasa yeyote. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki yenye makao yake Arusha iliamua kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya Tanzania ya 2016, vikiwamo vya habari za uongo, vinakiuka mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Hata hivyo sheria mpya zinaendelea kutungwa. Sheria ya Kenya ya 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandao iliweka adhabu ya faini isiyozidi shilingi milioni 5 au kifungo kisichozidi miaka 10 kwa anayechapisha habari za uongo zinazoweza kuzua taharuki au kumvunjia mtu heshima. Vifungu 26 vya sheria hiyo vilisimamishwa na Mahakama Kuu mwezi huohuo iliposainiwa, kisha vikaruhusiwa kutumika Februari 2020. Maneno kama “taharuki” hayana mpaka unaojulikana. Polisi ndio wa kwanza kuyatafsiri, na mtu akikamatwa Ijumaa jioni, adhabu imeshaanza kabla kesi haijasomwa. Mtungaji wa uongo, kwa upande wake, mara nyingi yuko nchi nyingine au nyuma ya jina bandia. Njia ya jinai humnasa kwa urahisi aliyesambaza, na humkosa aliyetunga.

3. Njia ya pili: kuyawajibisha majukwaa

Ulaya ilihamisha mzigo kutoka kwa msemaji kwenda kwa kampuni inayobeba na kukuza maneno yake. Ujerumani ilianza mwaka 2017 kwa sheria iliyoitaka mitandao yenye watumiaji zaidi ya milioni 2 nchini humo iondoe maudhui yaliyo wazi kuwa ni kinyume cha sheria ndani ya saa 24 baada ya kulalamikiwa, faini ikiweza kufika euro milioni 50. Sheria hiyo haikutunga kosa jipya; ilitegemea makosa yaliyokuwamo tayari katika sheria za nchi. Lakini ilizipa kampuni binafsi kazi ya hakimu, na kampuni inayoogopa faini hufuta kwanza na kufikiri baadaye.

Ufaransa ilichagua hakimu wa kweli. Sheria yake ya Desemba 2018 inaruhusu, katika miezi 3 kabla ya uchaguzi wa kitaifa, kumwomba jaji aamuru habari fulani isimamishwe, naye ana saa 48 za kuamua. Masharti ni mazito: uongo uwe dhahiri, usambazwe kwa makusudi, kwa wingi na kwa njia za kulipia au za mitambo, na uwe na uwezo wa kuharibu kura.

Ombi la kwanza chini ya sheria hiyo lilimhusu waziri wa serikali yenyewe. Tarehe 1 Mei 2019, baada ya waandamanaji kuingia katika eneo la hospitali ya Pitié-Salpêtrière mjini Paris, Waziri wa Mambo ya Ndani Christophe Castaner aliandika kwenye Twitter kwamba hospitali imeshambuliwa. Video zilionyesha watu waliokuwa wakikimbia mabomu ya machozi. Wanasiasa wawili wa upinzani waliiomba mahakama iamuru ujumbe huo uondolewe kabla ya uchaguzi wa Bunge la Ulaya. Majaji walikataa: waziri alitia chumvi, walisema, lakini habari yake ilikuwa na mzizi katika tukio la kweli, na haikusambazwa kwa malipo wala kwa mitambo. Shauri hilo linaonyesha mambo mawili kwa pamoja. Sheria iliyofungwa vizuri kwa masharti haimwonei msemaji. Na uongo wa kawaida wa kisiasa, ule wa kutia chumvi, hupita katikati ya masharti hayo kwa urahisi.

Sheria ya Huduma za Kidijitali ya Umoja wa Ulaya, iliyopitishwa 2022 na kuanza kutumika kikamilifu Februari 2024, imelielewa somo hilo. Majukwaa yenye watumiaji zaidi ya milioni 45 kwa mwezi katika Umoja huo yanalazimika kutathmini hatari ambazo mifumo yao inauletea uchaguzi na mjadala wa umma, kupunguza hatari hizo, kukubali ukaguzi wa nje na kuwafungulia watafiti data. Mtumiaji aliyefutiwa ujumbe ana haki ya kupewa sababu na kukata rufaa. Faini inaweza kufika asilimia 6 ya mapato ya kampuni duniani kote. Kinachokaguliwa hapa si sentensi ya raia bali mtambo unaoisukuma mbele ya mamilioni: jinsi algoriti inavyopanga, jinsi akaunti bandia zinavyovumiliwa, na nani aliyelipia tangazo.

4. Njia ya tatu: kujibu mapema na kuwaandaa raia

Kukanusha kunakofika siku ya tatu hukuta watu wamekwisha kuamini. Taiwan, ambayo kwa miaka mingi imelengwa na kampeni kutoka China, ilizitaka wizara zake zijibu uzushi ndani ya saa moja, kwa maandishi mafupi yanayosomeka kwenye simu pamoja na picha. Februari 2020 ulipoenea uvumi kwamba karatasi za chooni zitaadimika kwa sababu malighafi yake inatumika kutengeneza barakoa, Waziri Mkuu Su Tseng-chang alitoa katuni yake mwenyewe akiwa amewapa watazamaji mgongo, yenye maelezo kwamba malighafi za bidhaa hizo mbili hazihusiani. Katuni ilisambaa upesi na pupa ya kununua ikatulia. Sambamba na serikali, makundi ya kiraia kama Cofacts huendesha huduma ambamo mtu hutuma ujumbe anaoutilia shaka na kupata majibu yaliyoandikwa na wananchi wenzake. Kazi ya kusahihisha haikuachwa mikononi mwa serikali pekee, na ndiyo maana husadikiwa.

Sweden iliunda Wakala wa Ulinzi wa Kisaikolojia tarehe 1 Januari 2022. Mipaka yake imechorwa mapema: hushughulikia upotoshaji unaotoka kwa madola na makundi ya nje, na si maoni ya Waswidi. Finland iliingiza uchambuzi wa habari katika mtaala wa shule ulioanza 2016, hivyo mtoto hujifunza kuuliza chanzo cha picha au takwimu katika masomo ya kawaida. Matunda ya njia hii huchukua miaka, lakini haihitaji kumnyamazisha mtu yeyote.

Ufaransa ilionyesha mwaka 2017 kwamba hata saa chache zinatosha mahali penye maandalizi. Ijumaa ya tarehe 5 Mei, siku 2 kabla ya duru ya pili ya uchaguzi wa rais, maelfu ya nyaraka zilizoibwa katika kampeni ya Emmanuel Macron zilimwagwa mtandaoni, baadhi zikiwa za kughushi. Kampeni yake, iliyokuwa imeonya mapema kwamba inashambuliwa na wadukuzi, ilitoa tamko dakika chache kabla ya kipindi cha ukimya kuanza. Tume inayosimamia kampeni ikavisihi vyombo vya habari visichapishe yaliyomo, na vikubwa vikatii.

Marekani ina mfano wa kinyume. Mwishoni mwa Aprili 2022 Wizara ya Usalama wa Ndani ilitangaza bodi ya kusimamia mapambano dhidi ya upotoshaji. Wananchi hawakuelezwa mapema mamlaka yake ni yapi na mipaka yake ni ipi. Wapinzani waliiita chombo cha kupanga ukweli, uvumi kuhusu bodi ukazidi habari zake, na baada ya wiki 3 kazi yake ikasimamishwa; Agosti ikavunjwa. Chombo cha kupambana na uongo kikiwekwa ndani ya idara ya usalama bila maelezo, chenyewe huwa chakula cha uongo.

5. Hatua za dharura na hatari zake

Uchaguzi unapokaribia, kishawishi cha kutumia nguvu huongezeka. Brazil iliipa mahakama nafasi ya mbele. Tarehe 20 Oktoba 2022, siku 10 kabla ya duru ya pili kati ya Lula na Bolsonaro, Mahakama Kuu ya Uchaguzi ilijipa mamlaka ya kuamuru uongo kuhusu uchaguzi uondolewe ndani ya saa 2. Mahakama hiyo haiko chini ya rais, na Bolsonaro, rais aliyekuwa madarakani, ndiye aliyebanwa zaidi. Lakini uchunguzi wa habari za uongo ulioanzishwa mwaka 2019 na Mahakama ya Juu ya Shirikisho, kwa hatua yake yenyewe, ulimweka jaji mmoja, Alexandre de Moraes, katika nafasi ya kusimamia uchunguzi na kutoa amri zake. Mwaka 2024 mtandao wa X ulifungiwa nchini humo kuanzia mwisho wa Agosti hadi Oktoba 8 kwa kutotii amri zake. Wanaomtetea wanakumbusha uvamizi wa taasisi za dola mjini Brasília tarehe 8 Januari 2023. Wanaompinga wanauliza nani anamkagua mkaguzi. Swali lao ni halali hata pale amri zinapokuwa sahihi.

Romania ilikwenda mbali zaidi. Mahakama yake ya Katiba ilifuta duru ya kwanza ya uchaguzi wa rais iliyofanyika 24 Novemba 2024, baada ya taarifa za ujasusi kuonyesha kampeni fiche kwenye TikTok iliyomnufaisha mgombea Călin Georgescu. Tume ya Venice ya Baraza la Ulaya ilionya Januari 2025 kwamba uamuzi mzito namna hiyo usijengwe juu ya taarifa za siri pekee. Mpiga kura aliyefutiwa kura yake anastahili kuonyeshwa ushahidi.

Hatua mbaya kuliko zote ni kuzima intaneti. Uganda iliizima kwa siku kadhaa katika uchaguzi wa Januari 2021. Siku chache kabla, Facebook ilikuwa imeondoa akaunti bandia ilizosema zinahusiana na Wizara ya Habari na Mawasiliano, na serikali ikajibu kwa kuufungia mtandao huo. Mkasa huo unakumbusha jambo ambalo sheria nyingi hulisahau: serikali yenyewe inaweza kuwa mpotoshaji. Na mtandao ukizimwa, uvumi hauzimiki. Kinachozimika ni uwezo wa kuukanusha.

6. Ukweli unaokagulika

Kinga bora dhidi ya uvumi ni kumbukumbu zilizo wazi, na Kenya imepitia pande zote mbili za somo hili. Katika kila kituo, kura zikishahesabiwa, msimamizi hujaza fomu 34A, mawakala wa wagombea huitia saini, na nakala hubandikwa mlangoni. Mwaka 2017 tume ya uchaguzi, IEBC, ilitangaza mshindi wa urais kabla fomu zote hazijapatikana, na Mahakama ya Juu ilipoamuru seva zifunguliwe, amri haikutekelezwa kikamilifu. Tarehe 1 Septemba 2017 uchaguzi ulibatilishwa kwa kura 4 dhidi ya 2. Palipokuwa na giza, kila dai lilisadikika.

Mwaka 2022 tume iliweka picha za fomu za vituo zaidi ya 46,000 kwenye tovuti ambayo mtu yeyote angeweza kuifungua. Vyombo vya habari, vyama na raia walijumlisha wenyewe. Palikuwa na mkanganyiko: kila kituo cha televisheni kilianza na fomu zake, kila kimoja kikaonyesha kinara wake, na baadhi vikaacha kujumlisha kabla ya mwisho. Hata hivyo faida ilionekana pale mvutano ulipozuka. Makamishna 4 kati ya 7 waliyakana matokeo wakidai kwamba asilimia zilizotangazwa zinajumlika kuwa 100.01, na kwamba ile 0.01 iliyozidi ni sawa na kura zipatazo 142,000. Kura halali zilikuwa takriban milioni 14.2, asilimia 0.01 yake ni kura kama 1,420, na tofauti ndogo kama hiyo hutokana na kukadiria desimali. Yeyote mwenye simu aliweza kupiga hesabu hiyo. Madai kwamba fomu zilibadilishwa njiani yalipofika mahakamani, fomu halisi zilifunguliwa na kulinganishwa na picha za tovuti, na hakuna tofauti kubwa iliyopatikana. Septemba 5 majaji wote 7 waliyatupilia mbali.

Taiwan hufanya hivyo kwa njia ya zamani zaidi. Kila karatasi ya kura huinuliwa juu, jina husomwa kwa sauti, na yeyote anaruhusiwa kutazama na kurekodi. Video za uzushi kuhusu wizi wa kura ziliposambaa Januari 2024, zilikutana na watu waliokuwa wamejionea hesabu kwa macho yao.

7. Vigezo vya kupima hatua za serikali

Kutokana na uzoefu huu, vigezo 5 vinajitokeza. Kwanza, mamlaka ya kuamua uongo yawe kwa mahakama au chombo huru, kamwe yasiwe kwa waziri ambaye yeye au chama chake kinagombea. Pili, sheria ilenge matendo yanayopimika, kama akaunti bandia, matangazo yasiyotaja mlipaji, sauti za kughushi na tarehe za uongo za kupiga kura, badala ya maneno mapana kama taharuki. Tatu, anayefutiwa au kushtakiwa apewe sababu na nafasi ya kukata rufaa upesi, uchaguzi ukiwa bado haujapita. Nne, sheria iwabane viongozi wa serikali kama inavyombana raia, kwa kuwa uongo wa mwenye madaraka una kipaza sauti kikubwa zaidi. Tano, takwimu, mikataba, bajeti na fomu za kura ziwekwe wazi mapema, maana uzushi hushamiri pale kumbukumbu rasmi zinapofichwa.

Kigezo cha tano ndicho chenye gharama ndogo na ndicho kinachokwepwa zaidi, kwa sababu humnyima mtawala fursa ya kuficha makosa yake mwenyewe. Serikali inayodai sheria kali dhidi ya habari za uongo huku ikifungia takwimu zake kabatini haijaanza kazi. Serikali iliyozoea kufungua vitabu vyake itahitaji adhabu chache, kwa sababu raia wake wana mahali pa kwenda kuhakikisha wanachoambiwa, na wanajua kwamba jibu watakalolikuta huko halikuandikwa kwa ajili ya kura za kesho.